Aisingi ya biskuti za mahafali bila ute wa yai

Umeuliza kama aisingi isiyo na ute wa yai itakauka: inakauka vizuri tu, dada. Badala ya ute wa yai tumia maji mazito ya dengu za kopo (zile nyeupe za duara, zisizo na chumvi). Yana protini na wanga uliotoka kwenye dengu, ndiyo maana yakipigwa yanatoa povu jeupe kama la yai. Mimi naweka vijiko 6 vya chakula kwa gramu 450 za sukari ya unga, kisha ndimu kijiko kimoja cha chai; ladha ya dengu huisikii kabisa. Biskuti zipoe kwanza, zipake aisingi, halafu ziache usiku kucha ikauke ndipo uchore kofia na jina la mhitimu. Kwa unyevu wa hewa ya Dar kipindi cha mvua huchelewa zaidi, usizifunike.

Kitu kimoja angalia sana: rangi nyekundu ya chakula. Ikiandikwa E120 imetokana na wadudu, mtu asiyekula kitu chochote cha mnyama haitumii. Majarini ya biskuti nayo soma pakiti, nyingine zina maziwa. Na ukitia ganda la chungwa kwenye biskuti, kwaruza sehemu ya rangi pekee, ile nyeupe ni chungu.