Wosia wangu wa zamani bado una nguvu?

SWALI: Shikamoo anti. Niliandika wosia kabla sijahamia nje, nyumba imebaki kule nilikotoka ila pesa ziko benki za huku. Niuchane niandike mwingine?

JIBU: Marahaba. Usichane kitu kwanza! Kuhama peke yake mara nyingi hakufuti wosia, na nchi zilizoingia mkataba wa The Hague wa 1961 zinaukubali kama ulifuata taratibu za pale ulipoandikwa, au za nchi ya uraia wako, au unapoishi. Ila hiyo ni habari ya saini na mashahidi tu, nani anarithi nini ni mambo mengine kabisa, nyumba na ardhi kwa kawaida zinafuata sheria za pale zilipo, na Ufaransa kwa mfano watoto wana fungu lao hata wawe wamekuudhi vipi.

Wengi wanaandika wosia mbili, kila nchi na wake, mi naona ni sawa, ila mtego uko hapa: ule mpya ukisema "nafuta wosia zote za nyuma" basi na wa kwanza umekwenda, kwahiyo mwambie wakili mapema kwamba kuna mwingine. Umeoa juzijuzi? Cheki haraka, maana England ndoa kwa kawaida inafuta wosia wa kabla yake.