Kusoma Ninasoma, Lakini Kuandika Kumenishinda

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mhasibu, ninaishi Kimara na kufanya kazi Posta. Nilipokuwa sekondari niliandika hadithi na mashairi yaliyobandikwa kwenye ubao wa shule, lakini huu ni mwaka wa tisa tangu niajiriwe na sijaandika chochote zaidi ya taarifa za fedha. Vitabu ninaendelea kuvisoma, hasa ndani ya mwendokasi, na ninatamani kuwashirikisha wengine, ila kila nikishika kalamu, ninachokiandika kinafanana na jibu la mtihani. Je, kipaji hufa?

Msomaji wa Kimara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na yaliyonigusa zaidi ni yale maneno "jibu la mtihani", kwa sababu hapo ndipo ulipoutaja ugonjwa wenyewe. Shuleni tulifundishwa kukigawa kila kitabu katika fani na maudhui, tukahesabu wahusika, dhamira, migogoro na tamathali za semi. Utaratibu huo una manufaa yake, nami nimeufundisha kwa miaka mingi, lakini humzoesha mtu kuandika juu ya kitabu kana kwamba yeye mwenyewe hakuwepo alipokuwa akikisoma. Kipaji chako hakijafa. Kimekosa mahali pa kukaa katika uandishi wa namna hiyo.

Nunua kaunta buku moja, na kila umalizapo sura, usiandike muhtasari. Nakili sentensi moja tu iliyokufanya uinue macho, kisha ueleze kwa nini uliyainua: ulikuwa umefika kituo gani, nani alikuwa amesimama mbele yako, na ni nini ulichokikumbuka. Huenda mjane wa kitabuni amekukumbusha shangazi yako anavyokunja khanga zake na kuzirudisha sandukuni. Andika habari za zile khanga, na baada ya siku kadhaa mwache mjane wa watu uendelee na shangazi, kwa kuwa hapo utakuwa umekwisha kuingia katika hadithi yako mwenyewe.

Kwa upande wa mashairi, tunayo desturi yetu ambayo ninasikitika kuona vijana wengi hawaitumii, nayo ni kujibizana. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa hapa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha tungo za wasomaji, na katika magazeti ya Kiswahili malenga mmoja aliweza kuuliza jambo kwa beti, mwingine aliyemsoma akamjibu kwa vina na mizani vilevile. Chagua shairi linalokukera au kukuvutia, ulijibu kwa mizani kumi na sita kila mshororo. Ufinyu wa umbo hilo utakusaidia kuliko uhuru wa karatasi tupu.

Kazi ya ofisini isikukatishe tamaa. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea na utumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30, na tungo zake nyingi ziliandikwa katika miaka hiyo.

Kuhusu kuwashirikisha wengine, ningekuomba uanze na mtu mmoja, awe dada yako au mwenzako wa ofisini, umsomee kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu na ukurasa mmoja wa daftari lako. Utasikia mwenyewe mahali sauti inapolegea, na yeye atakuuliza swali ambalo mtahini hakuwahi kukuuliza. Wakiongezeka wawili au watatu, kubalianeni kitabu kimoja kwa mwezi. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967 katika barabara inayoitwa sasa Bibi Titi Mohamed, haiko mbali na Posta, na ninyi mnaweza kwenda pamoja baada ya kazi. Hadithi yako mpya, hata hivyo, usiisome mbele yao kabla hujaimaliza, maana sifa za mapema humfanya mwandishi aridhike kabla ya wakati.

Ukifika ukurasa wa kumi wa daftari, niandikie tena unieleze ni nani uliyemfuata.