Usizime mapigano, punguza anachopoteza mgeni

Mkuu, umeuliza kama uzime kabisa mapigano kati ya wachezaji kwenye seva yako ya Minecraft, ule mchezo wa kujenga kwa matofali, kwa kuwa wageni wanauawa siku ya kwanza na hawarudi. Usizime. Nimesaidia kusimamia seva ya vijana wa hapa Mwanza, wengi wa Kirumba na Nyakato, na wachache wa Musoma na Bukoba. Nilichokiona ni kwamba kufa peke yake hakumfukuzi mtu. Kinachomfukuza ni kubaki mtupu mbele ya muuaji ambaye hakuhatarisha chochote.

Ukifa, mzigo wako wote unadondoka pale pale na baada ya dakika 5 unafutika. Mkongwe aliyevaa almasi mwili mzima akimkuta mgeni mwenye upanga wa jiwe, mgeni anapoteza jioni nzima. Na kwetu jioni ni bando. Kijana anachezea simu, mtandao unayumba, anapigwa hata hajamwona aliyempiga. Kesho arudi kufanya nini?

Michezo mikubwa ya mtandaoni ilishapita hapa. Ultima Online ilianza 1997, na kufikia mwaka 2000 ikabidi ulimwengu wake ugawanywe: Felucca unashambuliwa na yeyote, Trammel hakuna anayekugusa bila ridhaa yako. EVE Online, mchezo wa meli za anga za juu, hauzuii shambulio hata kwenye anga salama, ila CONCORD, polisi wa mchezo wenyewe, wanakuja na kulipua meli ya mchokozi. Adhabu pale ni bei tu: mzigo wako ukiwa na thamani kubwa kuliko meli yake, bado atakupiga.

Mimi naupenda zaidi mpangilio wa Wilderness, eneo la hatari ndani ya mchezo wa Old School RuneScape. Unapoingia tu, wanaoweza kukushambulia ni wale ambao kiwango chao cha mapigano kinakaribiana sana na chako. Kadiri unavyosonga ndani, pengo linaloruhusiwa linapanuka. Ukifa, kwa kawaida unabaki na vitu vyako 3 vya thamani zaidi, lakini aliyeanza uchokozi anawekewa alama ya fuvu na kinga hiyo inamtoka. Hatari unaifuata mwenyewe, hatua kwa hatua, na anayewinda naye ana cha kupoteza.

Kwako, anza na mahali wachezaji wanapozaliwa. Ile spawn-protection iliyomo kwenye mipangilio ya seva inalinda matofali, hailindi watu, na wasimamizi wengi hapo wanachanganya. Weka eneo lisilo na mapigano kwa WorldGuard, programu ya nyongeza ya kulinda maeneo kwenye seva. keepInventory, ile kanuni inayomwachia aliyekufa vitu vyake, usiiguse, kwa sababu inahusu ulimwengu mzima, haimchagui mgeni wala mkongwe, na kifo kikishakuwa cha bure hata ushindi unakosa ladha.

Halafu mpe mgeni kinga ya muda, na hapa nakusihi sana: ihesabu kwa saa alizocheza, usiihesabu kwa siku za kalenda. Umeme ukikatika Igoma, au bando likiisha katikati ya wiki, kinga ya siku 3 inamalizika mtu hata hajajenga kibanda. Ikatike papo hapo akimpiga mwenzake. Na akiwa ndani ya kinga asiweze kufungua masanduku ya wengine, maana wakongwe watafungua akaunti mpya waingie kuiba na kupeleleza. Watafanya hivyo, usiwe na shaka.

Kuhusu wanaozima mchezo katikati ya pambano ili wasife, seva nyingi zinawaua hapo hapo. Kwa mtandao wetu hiyo ni dhuluma, kwa sababu huwezi kumtofautisha mwoga na aliyekatikiwa. Afadhali mwili wake ubaki uwanjani kwa sekunde kadhaa, apigwe kama kuna wa kumpiga, akipona amepona.

Sema tu seva yako ni Paper, programu ya seva za Minecraft ya kompyuta (Java), au ni ile ya simu moja kwa moja (Bedrock), maana WorldGuard haifanyi kazi kwenye ya simu na itabidi tutafute njia nyingine.