Kabla ya kuifundisha kompyuta yai la kichocho

Yai la kichocho cha tumbo hujulikana kwa mwiba wake wa ubavuni. Lakini kwenye slaidi ya Kato-Katz, yaani kinyesi kilichopimwa na kupakwa kwenye kioo ili mayai yahesabiwe kwa hadubini, yai hulala linavyotaka. Mwiba ukiwa juu au chini, unabaki na duara refu la kahawia tu. Mtaalamu wa maabara wala hasumbuki: kidole kinazungusha fokasi mbele, nyuma, mwiba huo hapo. Nusu ya ujuzi wake imo kidoleni. Akili mnemba iliyopewa picha moja imenyimwa kidole hicho.

Kwa hiyo ukikusanya picha huku kwetu Ziwa Victoria, iwe Ukerewe au Sengerema, piga tatu hadi tano za eneo lilelile, kila moja kwa fokasi tofauti. Simu ikishafungwa kwenye hadubini, zima fokasi ya kujiendesha na usiguse zumu. Kila asubuhi anza na picha ya slaidi yenye rula ndogo, la sivyo kompyuta haitajua ukubwa halisi wa inachokiona, na povu la hewa litahesabiwa yai.

Andika pia saa. Gliserini iliyomo kwenye slaidi huyafanya mayai ya safura yafifie mpaka yapotee, ndiyo maana husomwa ndani ya dakika 30 hadi 60. Ya kichocho hukaa hata kesho yake. Ukipiga picha zote siku ya pili, utakuwa umeifundisha kompyuta kwamba watu wa ziwani hawana safura.

Majibu ya kufundishia yatoke kwa wasomaji wawili wasioonana. Wakitofautiana, aitwe wa tatu. Picha za mashaka usizitupe, zipe alama yake. Na weka kwa wingi takataka za kawaida: mapovu, nyuzi za mboga, chembe za wanga.

Sasa kosa tunaloliona kuliko yote. Slaidi moja hutoa mamia ya picha, mtu anazichanganya zote kisha anazigawa ovyo, za kufundishia na za mtihani. Slaidi ileile inaingia pande zote mbili, matokeo yanang'aa, halafu programu ikifika zahanati nyingine inababaika. Gawanya kwa watu, si kwa picha: kati ya watu 200, tuseme, 140 wa kufundishia, 30 wa kurekebishia, 30 wa mtihani. Afadhali zaidi, kijiji kizima na hadubini yake vibaki nje mpaka mwisho.

Usidanganywe na asilimia ya picha zilizopatiwa. Picha nyingi hazina yai. Programu inayosema "hakuna" kila mara itafaulu vizuri sana! Linganisha hesabu kwa slaidi. Kibao cha Kato-Katz hupima miligramu 41.7 za kinyesi, hivyo mayai huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Mayai 4 ni 96, maambukizi mepesi. Mayai 5 ni 120, tayari ya wastani, kwani wastani huanzia 100. Yai moja lililojificha chini ya uzi wa mchicha linamshusha mgonjwa daraja. Mwenye mayai mengi hata programu mbovu humwona. Ipime kwa wale wenye mawili matatu.

Jina la mgonjwa lisiwe jina la faili. Tumia namba, daftari la majina lifungiwe kabatini, na uzime kipengele cha mahali (GPS) kwenye kamera: kikiwa wazi, simu huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa bila kukuuliza.