Mwanangu, kuhusu lile Cobra la faiba

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama ukope ununue lile gari la michezo, Cobra la kuiga linalouzwa Masaki kwa milioni 60, na kama utapata kulikatia bima kubwa.

Juzi nilikwenda kuliona. Niliweka sumaku kwenye boneti, ikateleza ikaanguka. Nikagonga mlango kwa kidole, ukalia kama ndoo ya plastiki. Bodi nzima ni faiba, si bati. Hiyo si kasoro, faiba haili kutu, na aliyeipiga rangi anaijua kazi.

Tatizo ni karatasi. Cobra halisi lilianza mwaka 1962, gari la kampuni ya AC ya Uingereza lililotiwa injini ya Ford na Carroll Shelby wa Marekani. La kwanza kabisa lilinadiwa mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Bei hiyo haikuhusu. Thamani ya Toyota, mtu wa bima huiulizia yadi yoyote. Ya gari lako ataiulizia wapi? Basi mtafute mthamini, mpige picha, mkusanye risiti, na kiasi mtakachoafikiana na kampuni ya bima kiandikwe kwenye mkataba wa bima kabla hujalipa. Usilishushe thamani hadi milioni 40 ili ulipie bima kidogo. Gari la 60 ukilikatia bima ya 40, umelikatia theluthi mbili tu, kwa hiyo uharibifu wa milioni 15 unaweza kulipwa 10 tu, zinazobaki zako.

Na usiwafiche watu wa bima kwamba ni la kuiga. Kuna mteja wangu alibadilisha injini, akaacha namba ya injini ya zamani kwenye kadi ya gari. Alipogongwa, bima ilikataa kulipa. Lile gari lilikaa gereji kwangu miezi saba, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mwenyewe alikuwa akija Jumapili, anasimama kulitazama, anaondoka. Kwa hiyo chesisi, injini na kadi ya gari lazima viseme kitu kimoja.

Benki sidhani watapenda kulishika kama dhamana, kwa sababu wakilinadi hawajui watapata nini. Watakuelekeza mkopo wa mshahara. Hapo ndipo naogopa, mwanangu: gari likiungua, makato yanaendelea. Uliza riba inahesabiwa juu ya salio linalobaki au juu ya mkopo wote wa mwanzo, maana tofauti yake ni kubwa mno. Mimi ningeweka akiba kwanza hadi nusu ya bei, nusu nyingine nikope SACCOS ya kazini. Nyumba ya bibi yako usiitaje popote kama dhamana.

Nalipenda gari lile, sikufichi. Jumamosi nipo gereji mpaka saa nane. Mwombe muuzaji nakala ya kadi, uje nayo, kisha twende wote Masaki. Nitabeba tochi na brashi ya waya, namba ya chesisi imefunikwa na rangi.

Baba yako