Mti wa asili, asili ya wapi?

SWALI: Nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba, nataka kuupanda miti ya asili ya msituni. Muuza miche amenishauri nichukue mwarobaini, mvule na musizi. Anasema yote ni miti ya Kiafrika, haihitaji matunzo, na nikinunua miche mirefu nitapata kivuli mapema. Nianze na upi?

JIBU: Usinunue kwanza. Katika hiyo mitatu, mmoja si wa Afrika, wa pili utaishinda nafasi yako, na wa tatu ndio unaonitia wasiwasi zaidi.

Mwarobaini kwao ni Bara Hindi. Kwa kuwa una jina la Kiswahili na kila mtu anaujua kwa dawa, watu huapa kuwa ni wetu. Hata jina la kisayansi halitoshi kuamua: mwarobaini na mkwaju yote miwili imepewa neno indica, la India, ilhali mkwaju asili yake ni Afrika.

Mvule ni wa kwetu kweli, lakini hupita mita 30. Huo si mti wa kukaa ubavuni mwa nyumba. Na hili la "hauhitaji matunzo" nimechoka kulisikia. Mti wa msitu mnene huanza maisha kati ya miti mingine, udongo ukiwa umefunikwa majani. Ukiuchomeka peke yake kwenye kiwanja kitupu, umeuvua ulinzi wote. Tazama mche wa mvule uliosimama juani: kwenye chipukizi utakuta vinundu vya kijani vilivyovimba kama njegere. Ndani yake mna watoto wa kijidudu kiitwacho Phytolyma. Wakikomaa kinundu hupasuka, chipukizi huoza na ncha ya mche hufa. Ukichipua tena, wanarudi. Nimeona miche ya miaka kadhaa ambayo haijavuka goti. Iliyopandwa kwenye kivuli chepesi, ikichanganywa na miti mingine, haiumii sana hivyo.

Sasa musizi, Maesopsis eminii. Ni wa Afrika, hukua upesi, na kwa sababu hiyo wauzaji wanaupenda. Katika misitu ya Uganda uko nyumbani. Ulipopelekwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, uligeuka mvamizi. Ndege waitwao hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu ndani kabisa ya msitu, nao huota kila palipoanguka au kukatwa mti, ukichukua nafasi ya miti ya mlima ule, ambayo mingine haipo kwingine duniani. Waliouleta waliupanda kwa nia njema. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni wa Kiafrika" au "ni wa nchi hii", hajajibu swali lako. Msitu wa pwani, wa mlimani na wa kandokando ya mto ni mitatu tofauti, hata ukiwa ndani ya mkoa mmoja.

Tafuta kipande cha msitu kilichobaki karibu nawe, chenye mwinuko na mvua kama ya kwako, uangalie kinachoota pembezoni mwake. Miti ya pembezoni imezoea jua. Tangulia na hiyo, na ya kivulini ifuate ya kwanza ikishatanda. Miche usiing'oe humo. Kwa muuza miche uliza mbegu zimeokotwa wapi, na chini ya miti mama mingapi. Mbegu za mti mmoja huzaa ndugu watupu, na ugonjwa unaoudhuru mmoja wao huenda ukawadhuru wote. Akikujibu "ni za asili tu", ondoka.

Miche mirefu ndiyo mbinu inayoniudhi kuliko zote, maana mara nyingi ni miche iliyokosa mnunuzi ikazeekea kwenye kiriba, yaani kimfuko cha kuoteshea. Mwombe auvue mmoja mbele yako. Ukikuta mzizi mkuu umejizungusha chini kama kamba iliyoviringishwa, hautanyooka ardhini. Mti utaonekana mzima kwa miaka, kisha siku ya upepo utaanguka, labda juu ya paa. Chukua mche wa futi moja wenye mzizi ulionyooka, uupande mvua zinapoanza, uufunike majani makavu bila kugusa shina, na uumwagilie katika kiangazi chake cha kwanza na cha pili.