Maswali ya Wasomaji: Umeitia Alama, Lakini Je, Umeihifadhi?

Safari hii tumejibu barua za wanaosoma hadithi mtandaoni, wengi wao wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria. Malalamiko mengi yana chanzo kimoja: kitufe cha kupenda, cha kufuatilia na cha kuweka kwenye orodha vinakaa jirani kwenye kioo cha simu, lakini kila kimoja kina kazi yake.

Maktaba yangu ya Wattpad, programu ya kusomea hadithi, ina hadithi zaidi ya mia mbili. Sijui ipi nimemaliza, ipi naisubiri. Taarifa zinaingia usiku kucha. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Anza kwa kutenganisha maktaba na orodha za kusoma. Maktaba ni yako peke yako, watu wengine hawaioni. Hadithi iliyomo ikitolewa sehemu mpya, unapata taarifa. Ukiijaza mia mbili, simu italia kwa ajili ya hadithi ulizokwisha kuzisahau, na ile unayoingojea kwa hamu itapotea katikati ya kelele.

Kwa hiyo bakiza maktabani zile unazosoma sasa au unazosubiri ziendelee. Sisi tungeishia kumi. Nyingine zihamishie kwenye orodha: fungua ukurasa wa hadithi, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua orodha au tengeneza mpya, kisha itoe maktabani. Kuitoa maktabani hakuifuti kwenye orodha. Orodha tatu zinatosha kuanzia: "Nitasoma", "Nimemaliza, nzuri" na "Zimesimama". Hiyo ya tatu ni ya hadithi ambazo mwandishi hajaongeza kitu kwa mwaka mzima. Usijaribu kuzipanga zote kwa siku moja. Kila unapofungua maktaba hamisha tano, kisha endelea kusoma.

Angalizo moja: orodha za Wattpad huonekana na watu, na mwandishi hupata taarifa kwamba umeiweka hadithi yake kwenye orodha yenye jina fulani. Ukiita orodha "Mbovu" au "Za kulalia", atalisoma jina hilo yeye mwenyewe.

Nina alama (bookmark) kama sitini kwenye Archive of Our Own, mtandao mwingine wa hadithi. Sasa nne zimebaki na maneno ya Kiingereza tu kwamba kazi imefutwa. Jina la hadithi halipo wala la mwandishi. Nitajuaje zilikuwa zipi? (Muuza vitenge, Kirumba)

Kwa kutumia alama yenyewe, dada, haiwezekani. Alama huhifadhi njia ya kuifikia hadithi, haihifadhi maneno yake. Ni kama stakabadhi ya mzigo bandarini: kuwa nayo mkononi hakuzuii mzigo kuondoka. Mwandishi akifuta kazi yake, kwenye alama hubaki yale tu uliyoyaandika wewe, yaani maelezo na lebo zako. Kama uliviacha vitupu, hakuna cha kusoma.

Lakini kuna sehemu mbili za kupekua. Kwanza barua pepe: kama uliwahi kujiandikisha kupata taarifa za hadithi hiyo, kila ujumbe uliotumiwa una jina lake na la mwandishi. Tafuta humo neno "archiveofourown", na usisahau folda ya taka. Pili, historia ya Chrome, ambayo huweka majina ya kurasa ulizofungua kwa siku 90 hivi. Zaidi ya hapo imekwisha.

Kwa zile hamsini na sita zilizobaki, fanya hivi. Fungua hadithi, bonyeza "Bookmark" juu ya ukurasa. Kwenye kisanduku cha maelezo andika jina la hadithi, jina la mwandishi, na sentensi mbili za kisa chenyewe. Kwenye lebo, tenganisha kwa mkato: nimemaliza, ndefu, ya kurudia. Baadaye utaweza kuchuja alama zako kwa lebo hizo. Kama hutaki watu waone, weka tiki kwenye "Private bookmark", maana usipoweka alama huwa ya wazi. Tiki ya "Rec" ni kwa hadithi unazowapendekezea wengine, usiiweke kila mahali ikapoteza uzito.

Jina la mwandishi liandike hata kama unaliona pale juu. Mtandao huo humruhusu mwandishi kuiacha kazi yake ibaki bila jina lake, na hapo utakuta imeandikwa "orphan_account". Hadithi ipo, mwenyewe hajulikani.

Na usitegemee "Mark for Later" (kitufe cha kuweka hadithi usome baadaye) kama ghala. Hiyo inaishi ndani ya historia yako ya usomaji, na ukifuta historia inaondoka nayo. Itumie kwa hadithi ya wiki hii.

Sina akaunti kwenye Archive of Our Own. Nikibonyeza "Kudos" (pongezi) naambiwa nimeshatoa, wakati ndiyo mara yangu ya kwanza kufungua hadithi hiyo. (Msomaji, Igoma)

Mgeni asiye na akaunti hutambuliwa kwa anwani ya IP ya mtandao anaotumia, na kila anwani huruhusiwa pongezi moja kwa hadithi moja. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na intaneti kafe ni hivyohivyo. Kuna mwenzako amekutangulia. Mwachie mwandishi maoni ya mstari mmoja badala yake, au omba akaunti: unaacha barua pepe yako kwenye foleni ya mialiko na kusubiri zamu.

Nasafiri kati ya Mwanza na Nansio kila mara. Meli ikishafika katikati ya ziwa mtandao unakatika. Orodha naiona, hadithi hazifunguki. Pia naogopa kumaliza bando. (Mwalimu, Ukerewe)

Bando usiliogope, mwalimu. Hadithi ya maneno 100,000, ikiwa maandishi matupu, haifiki MB 1. Vinavyokula bando ni matangazo, video na picha za majalada.

Shida ni kwamba orodha uliyoiona ni majina tu. Kwenye Archive of Our Own, fungua hadithi, bonyeza "Download", chagua EPUB (aina ya faili la kitabu). Faili litaingia kwenye Vipakuliwa, nawe utahitaji programu ya kusomea vitabu vya EPUB, nazo za bure zipo. Wengi huchagua PDF kwa sababu wameizoea, kisha wanahangaika: kurasa zake hazijipangi kulingana na kioo, hivyo kwenye simu ndogo unavuta maandishi kushoto na kulia kila mstari. EPUB hukuza herufi na mistari ikajipanga upya.

Kosa linalofuata ni kusahau kwamba faili ulilopakua halikui. Mwandishi akiongeza sura, lako linabaki na zilezile za siku ile. Kama hadithi haijaisha, badili jina la faili uongeze tarehe, kwa mfano "hadi sura ya 12, Machi", na ukiona sura mpya zimetoka pakua tena, ufute la zamani. Faili hilo ni la kusoma wewe. Kulirusha kwenye magrupu ya WhatsApp bila ruhusa ya mwandishi ni jambo jingine.

Kwenye Wattpad, zinazoweza kusomeka bila mtandao ni za maktabani, si za orodha, na akaunti ya bure ina kikomo cha idadi. Kabla ya kwenda bandarini, ingiza maktabani zile za safari tu, zifungue ukiwa na mtandao, kisha jaribu: washa hali ya ndegeni na ufungue sura ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Watu hujaribu ya kwanza peke yake.

Naandika kwenye FanFiction.Net. Hadithi yangu inayoendelea ina wengi wanaoifuata lakini wachache wameiweka kwenye vipendwa. Ina maana haipendwi? (Mwandishi, Buhongwa)

Hapana. Anayefuata anasubiri sura ijayo aletewe taarifa kwa barua pepe. Anayeweka kwenye vipendwa anaitangaza kwenye wasifu wake, na wengi hawafanyi hivyo mpaka waone mwisho. Linganisha tena ukishamaliza.

Simu imeibwa stendi ya Nyegezi. Gmail ilitengenezwa na muuza simu, nywila siijui. Orodha zangu zimepotea? (Fundi cherehani, Buhongwa)

Si zote. Fungua akaunti mpya, kisha tafuta jina lako la zamani la mtumiaji. Orodha za Wattpad na alama za wazi za Archive of Our Own zinaonekana na yeyote, hata wewe ukiwa na jina jipya, kwa hiyo unaweza kuzinakili moja moja. Kilichokwenda ni maktaba na alama za siri.

Kabla hujakata tamaa na Gmail ya zamani, rudisha laini yako. Nenda duka la kampuni ya simu ukiwa na namba ya NIDA, weka alama ya kidole, upewe laini yenye namba ileile. Kama muuza simu aliisajili namba hiyo kwenye Gmail, msimbo wa kurejesha akaunti utaingia humo.

Kwenye simu mpya, ingia Mipangilio, Google, Dhibiti Akaunti yako ya Google, kisha Usalama. Weka namba yako ya kurejesha akaunti, badili nywila, na uiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani.